Kumfuata Luteni-usu Tull

Mpenda kandanda wa Dar es Salaam akipata viza ya Uingereza, ndugu na marafiki huwa wamekwisha kumpangia ratiba kabla hajafunga begi. Apige picha Old Trafford. Apite Emirates achukue jezi, na ya mtoto asisahau. Akijaliwa, afike Anfield. Mimi niliondoka na ratiba nyingine. Ilikuwa safari yangu ya kwanza Ulaya, na niliyekuwa namfuata alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita: Walter Daniel John Tull, mshambuliaji wa Tottenham Hotspur, kisha kiungo wa Northampton Town, kisha ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyeuawa kaskazini mwa Ufaransa tarehe 25 Machi 1918, mwezi mmoja tu kabla ya kutimiza miaka 30. Kaburi lake halijulikani lilipo. Nilitaka kuona mtu kama huyo amebakiwa na nini, na ni nani aliyemtunzia.

Mjomba wangu alinipokea Heathrow. Anaishi Barking, mashariki mwa London, anaendesha basi, na yuko nchi ile tangu miaka ya tisini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Za nyumbani?”

“Wote wazima, wanakusalimu. Bibi kakufungia dagaa.”

“Wa Kigoma?”

“Wa Kigoma.”

“Basi umefika. Kesho nakupeleka Wembley.”

“Kesho nilitaka twende Bonner Road, mjomba.”

Aliliweka begi langu kwenye buti, akanigeukia. “Bonner Road ya Bethnal Green? Jirani na pale napita na basi kila siku. Kuna nini?”

“Palikuwa na kituo cha yatima.”

“Umetoka Dar es Salaam kuja kutazama kituo cha yatima ambacho hakipo!” Alicheka njia nzima, lakini kulipokucha alikuwa wa kwanza kuvaa koti.

Bonner Road ni barabara fupi inayoelekea bustani ya Victoria Park. Februari 1898 wavulana wawili waliletwa hapa kutoka Folkestone, mji wa pwani ya Kent: Walter, aliyekuwa anakaribia miaka 10, na kaka yake Edward. Mama yao, Alice Palmer, Mwingereza wa Kent, alifariki kwa saratani mwaka 1895. Baba yao, Daniel Tull, seremala kutoka Barbados, alioa tena, akamchukua binamu wa marehemu mkewe, kisha naye akafariki mwishoni mwa 1897 kwa maradhi ya moyo. Mama wa kambo akabaki na watoto wengi na riziki ya kubahatisha. Wamethodisti waliokuwa na kituo hapa wakakubali kuwapokea wavulana hao wawili.

Kituoni Walter alicheza beki ya kushoto katika timu ya watoto na akafundishwa kazi ya uchapaji. Edward alikuwa na sauti, akaingizwa kwenye kwaya iliyozunguka nchi kuchangisha fedha. Huko Glasgow familia ya Warnock ikampenda, ikamwasili, ikamsomesha hadi akawa daktari wa meno, miongoni mwa weusi wa kwanza kuifanya kazi hiyo Uingereza. Ndugu wakatenganishwa, mmoja akabaki London na mwingine Uskochi, ila mawasiliano hayakukatika. Hilo litakuja kuwa na uzito baadaye, maana mengi tunayoyajua kuhusu saa za mwisho za Walter yametokana na barua aliyoandikiwa Edward.

Haya nilimsimulia mjomba tukiwa kando ya barabara, mvua ile ya London isiyokuwa na haraka ikitunyea.

“Kwa hiyo alilelewa na Wazungu,” alisema.

“Mama yake mwenyewe alikuwa Mzungu, mjomba.”

“Sawa. Lakini uwanjani walimwona nani?”

Swali lake ndilo lililotupeleka Tottenham.

Uwanja wa sasa wa Tottenham ulifunguliwa mwaka 2019 na unachukua watu zaidi ya 62,000. Umejengwa palipokuwa White Hart Lane ya zamani, na ukisimama chini, kwenye maduka ya kuku na saluni za High Road, unaona chuma na kioo vikikuzibia nusu ya anga. Mtaani Northumberland Park, hatua chache kutoka uwanjani, kuna kibao cha buluu kinachoonyesha alikokuwa akiishi Tull. Watu waliokuwa wakipita na mifuko ya sokoni hawakukitazama, nami sikuwalaumu. Kwetu Kariakoo nani husimama kusoma vibao?

Tull aliingia hapa kupitia mlango wa ridhaa. Msimu wa 1908/09 alichezea Clapton, klabu ya mashariki mwa London, na katika msimu huo mmoja Clapton ikatwaa Kombe la Ridhaa la chama cha soka cha England pamoja na makombe mawili ya London. Tottenham, waliokuwa ndio kwanza wamepanda Daraja la Kwanza, wakamwona. Majira ya joto ya 1909 wakamchukua kwenye ziara ya Argentina na Uruguay, ambako Everton nao walikwenda. Kijana wa miaka 21 aliyekulia kwenye kituo cha yatima akavuka Atlantiki kwa meli kwa sababu anajua kucheza mpira. Malipo ya usajili yalikuwa paundi 10, na mshahara haukuruhusiwa kuzidi paundi 4 kwa wiki, kwani tangu 1901 chama cha soka kilikuwa kimeweka kikomo hicho kwa wachezaji wote wa kulipwa, awe nyota au awe wa benchi.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa Septemba 1909 ugenini kwa Sunderland, wakafungwa. Siku chache baadaye, nyumbani dhidi ya Manchester United, aliipatia timu yake penalti, na mechi ikaisha 2–2. Alikuwa mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza kabisa kucheza daraja la juu la England. Kabla yake alikuwapo Arthur Wharton, kipa aliyezaliwa Accra. Tull hakuwa mwenye mbio nyingi. Waliomwona waliandika kuhusu utulivu wake, pasi zake, na jinsi alivyojua kumsubiri mpinzani aamue vibaya.

Kisha ikaja Bristol. Oktoba 1909, katika mechi dhidi ya Bristol City, sehemu ya mashabiki walimtukana kwa rangi yake, kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu. Tunalijua jambo hilo kwa sababu mwandishi mmoja wa gazeti la michezo alikuwapo, akaandika kwa hasira kwamba lugha iliyotumika ilikuwa chafu kupita ya soko la samaki, na kwamba kwa usafi wa fikra na wa uchezaji Tull alikuwa mfano kwa Wazungu wote wanaocheza mpira. Baada ya hapo nafasi yake ikaanza kupungua. Akashushwa kikosi cha akiba, na hadi anaondoka Tottenham alikuwa amecheza mechi 10 za ligi na kufunga mabao 2. Klabu haikutoa sababu. Kila mtu na asome anavyoona.

“Hayo maneno,” mjomba alisema tukirudi kituo cha treni, “mimi nimeyasikia ndani ya basi langu, tena si zamani.” Hakuongeza kitu. Lakini kuanzia siku ile aliacha kunitania kuhusu Wembley, na safari ya Northampton ni yeye aliyekata tiketi.

Treni ya Northampton hutoka Euston na huchukua saa moja hivi. Northampton ni mji wa viatu. Kwa vizazi na vizazi watu wake walikata ngozi na kushona soli, na buti nyingi za jeshi la Uingereza zilitoka hapa. Hadi leo timu ya mji inaitwa kwa jina la utani la mafundi viatu. Oktoba 1911 kocha kijana aliyeitwa Herbert Chapman alimleta Tull hapa. Chapman huyu ndiye ambaye baadaye angeijenga Huddersfield Town na Arsenal zikawa mabingwa wa England. Northampton ilikuwa nje ya ligi kuu, ikicheza Ligi ya Kusini, lakini Chapman alijua anachokitafuta. Akamrudisha Tull nyuma, akampa kazi ya kiungo, na Tull akacheza zaidi ya mechi 100. Mabao yake 9 tu, na manne kati ya hayo aliyafunga katika mchezo mmoja dhidi ya Bristol Rovers. Wenye klabu kubwa wakaanza tena kumtupia jicho.

Kwenye jumba la halmashauri ya mji, jengo la mawe lenye minara na masanamu ya wafalme, kuna sanamu ya shaba ya Tull iliyowekwa mwaka 2017. Tulikwenda pia Sixfields, uwanja wa sasa wa klabu ulio pembezoni mwa mji, ambao hufikiwa kwa barabara iliyopewa jina la Tull. Kando yake kuna bustani ya kumbukumbu na jiwe lililozinduliwa mwaka 1999. Mzee mmoja aliyevaa skafu ya rangi ya zabibu nyekundu alitukuta tunasoma maandishi ya jiwe. Alituambia kuwa ameifuata timu hii tangu utoto, baba yake akiwa amemtangulia, na kwamba katika ujana wake wote hakuwahi kusikia jina la Tull likitajwa.

“Uwanjani? Hata mara moja?” nilimuuliza.

“Hata mara moja. Mpaka walipokuja watu wakaanza kuuliza.”

Watu hao wapo. Mwanahistoria Phil Vasili ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi: alipekua magazeti ya zama za kabla ya vita, majalada ya jeshi na makaratasi ya familia, kisha akaandika vitabu. Baada yake zikafuata filamu ya televisheni, sarafu, stempu, majina ya barabara na ya shule. Kati ya kifo cha Tull na jiwe hili la Sixfields ilipita miaka 81. Katika muda huo hakuna aliyekuwa amelifuta jina lake popote. Lilikuwa limekaa kwenye makaratasi likisubiri mtu wa kulifungua.

Ni Northampton pia ambako mpira wake uliishia. Vita vilipoanza Agosti 1914, ligi iliendelea, na magazeti yakawashukia wachezaji wa kulipwa: vijana wenye nguvu wanakimbizana na mpira ilhali wenzao wanazikwa Ubelgiji. Tarehe 15 Desemba 1914, katika ukumbi wa mji wa Fulham, kikaundwa kikosi cha wanasoka, Batalioni ya 17 ya Rejimenti ya Middlesex. Kabla ya mwezi huo kwisha Tull alikuwa amejiandikisha, wa kwanza kutoka Northampton. Kikosini alikutana na watu ambao kabla ya hapo aliwajua kama wapinzani: wachezaji wa Clapton Orient waliojiunga kwa wingi, na Frank Buckley aliyekuwa beki wa timu ya taifa. Walifanya mazoezi ya bunduki siku za kazi na Jumamosi wakaruhusiwa kwenda kuchezea klabu zao. Tull alipandishwa cheo haraka. Alipofika Ufaransa Novemba 1915 tayari alikuwa sajini.

Ili nimfuate Ufaransa nilihitaji viza ya pili, alama za vidole mara ya pili, na barua ya benki iliyoeleza mambo yale yale kwa mpangilio mwingine. Mjomba, mwenye pasi ya Uingereza, aliyatazama makaratasi yangu mezani kwake akatikisa kichwa. Tulikubaliana kuvuka kwa gari lake kupitia Folkestone, nami nikaomba tutoke mapema ili nipate nusu siku katika mji alikozaliwa Tull.

Folkestone imekaa juu ya miamba myeupe, na hali ya hewa ikiwa safi Ufaransa huonekana kwa macho. Siku yetu ilikuwa safi. Ng’ambo ya maji ulionekana mstari wa ardhi, wa kijivu. Daniel Tull alifika mji huu mwaka 1876. Wazazi wake walikuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa ya Barbados. Yeye akajifunza useremala, akavuka bahari, akapata kazi, akamwoa binti wa hapa, akaingia kanisani na watu wa hapa. Walter alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888. Kutoka utumwa wa babu hadi nyota ya ofisa ya mjukuu ni vizazi viwili.

Wakati wa vita bandari hii ndogo ilipitisha mamilioni ya askari, wakienda na wakirudi. Waliteremka kwa miguu barabara ya mlima ambayo sasa inaitwa Barabara ya Ukumbusho, na juu yake kuna mnara wenye sanamu ya mwanamke wa shaba na orodha ya watu wa mji waliokufa. Tull yumo. Mjomba ndiye aliyemwona kwanza, akaweka kidole. “Huyu hapa mtu wako.”

Kwenye lango la treni ya kuvuka, askari wa mpaka wa Ufaransa wako upande wa Uingereza. Yule aliyenihudumia alipekua kurasa za pasi yangu, akauliza nakwenda kufanya nini Ufaransa. Nilijibu nakwenda Arras kutazama jina ukutani. Aligonga muhuri bila kuuliza zaidi. Nadhani hukutana na watu wa namna yangu kila wiki. Gari likaingia ndani ya behewa, na kwa dakika 35 tukawa chini ya bahari, mjomba akila karanga, tukatokea Calais.

Kutoka Calais barabara kuu inashuka kusini mashariki kupitia nchi tambarare. Nilikuwa nimejiandaa kuona nchi yenye makovu. Nilichokiona ni ngano, viazi, mashamba ya kiazisukari, na mitambo mirefu ya upepo ikizunguka taratibu. Makaburi ndiyo yanayokuambia uko wapi. Yametawanyika kila mahali, nyuma ya ghala la mkulima, kando ya njia panda, katikati ya shamba, kila moja likiwa na ukuta mfupi na mawe meupe yaliyopangwa sawasawa. Wakulima wa hapa bado huchimbua makombora kila wanapolima, na huyaweka kando ya barabara yakisubiri wataalamu wa mabomu kuyakusanya.

Tulikwenda Favreuil kwanza. Ni kijiji kidogo kaskazini ya mji wa Bapaume: kanisa, nyumba za matofali, na mashamba yanayoanzia pale nyumba zinapoishia. Tull alifika hapa kwa njia ndefu. Mei 1916 alipelekwa hospitali akiwa na kiwewe cha mizinga, hali ambayo madaktari wa enzi zile waliiandika kwa maneno makali kuliko walivyoielewa. Alirudi vitani mwaka huo huo kwenye mapigano ya Somme, akaugua homa ya mahandaki, akarudishwa nyumbani. Na hapo ndipo makamanda wake wakafanya jambo ambalo miongozo yao wenyewe haikulitaka: mwanzoni mwa 1917 wakampeleka chuo cha maofisa huko Gailes, Uskochi.

Mwongozo wa jeshi wa wakati ule ulidai kwamba anayeomba uofisa awe wa asili ya Ulaya tupu. Wapo waliopenya. George Bemand, mzaliwa wa Jamaika, alipata uofisa mwaka 1915 baada ya kujaza kwenye fomu kwamba yeye ni wa asili hiyo, na akauawa mwaka uliofuata. Tull asingeweza kupita kwa njia hiyo hata angetaka. Nchi nzima ilikuwa imeiona sura yake kwenye kurasa za michezo. Kwa hiyo mtu aliyetia saini karatasi za Tull alijua anatia saini nini. Vita vilikuwa vimewamaliza maofisa, na jeshi lilihitaji watu ambao askari wangewafuata. Mei 1917 akawa Luteni-usu Tull, akapangiwa Batalioni ya 23 ya Middlesex.

Mwishoni mwa mwaka huo batalioni ilipelekwa Italia kuimarisha mstari wa mto Piave. Ni mto mpana, wenye maji baridi yaendayo kasi, na adui yuko ukingo wa pili. Usiku mmoja wa majira ya baridi Tull aliongoza askari 26 kuvuka kwenda upande wa adui, akawarudisha wote bila hata mmoja kupotea. Mkuu wa divisheni, Meja Jenerali Sydney Lawford, alimtaja kwa maandishi, akisifu ushujaa na utulivu wake. Utulivu tena, kama vile ripoti za mechi za 1909.

Machi 1918 walirudishwa Ufaransa, na tarehe 21 Wajerumani wakaanzisha shambulio lao kubwa la mwisho. Mstari wa Waingereza ukakatika. Siku nne baadaye batalioni ya Tull ilikuwa inarudi nyuma kupitia mashamba haya, ikipigana huku inakimbia. Alipigwa risasi hapa. Askari wake walijaribu kumbeba chini ya moto wa bunduki za rashasha, akiwemo Tom Billingham, aliyekuwa kipa wa Leicester Fosse, na wakashindwa. Wajerumani walikuwa wamekaribia mno. Ofisa mwenzake alimwandikia Edward kueleza jinsi mdogo wake alivyopendwa kikosini, na kwamba alikuwa amependekezwa kupewa Msalaba wa Kijeshi. Nishani hiyo haikutolewa. Kampeni ya kuidai imeendelea hadi karne hii.

Mjomba alitembea peke yake hadi mwisho wa njia ya shamba na kurudi. Viatu vyake vilijaa tope zito la rangi ya chokaa. “Hapa pa kujificha hakuna,” alisema. Kweli hapakuwapo. Ardhi ni tambarare, na mtu anayesimama anaonekana toka mbali.

Ukumbusho wa Arras uko magharibi ya mji, kando ya ngome ya zamani. Ulibuniwa na Sir Edwin Lutyens na kuzinduliwa mwaka 1932. Ni ukuta mrefu wa mawe meupe wenye nguzo, na umeandikwa majina ya karibu askari 35,000 wa Uingereza, Afrika Kusini na New Zealand waliokufa eneo hili bila kujulikana walipozikwa. Majina yamepangwa kwa rejimenti, ndani ya rejimenti kwa vyeo, na ndani ya cheo kwa alfabeti. Unapomtafuta Tull kwenye sehemu ya saba ya ukuta, lazima umtafute panapostahili: juu, pamoja na maofisa wa Middlesex, kwenye orodha ya maluteni-usu. Ukuta hausemi kwamba alikuwa mweusi, hausemi alicheza mpira, hausemi mwongozo ulimkataza. Unasema cheo chake, na inatosha.

Nilikaa pale hadi mlinzi wa bustani alipoanza kukusanya vifaa vyake. Mjomba alikuwa anatembea ubavuni mwa ukuta akisoma majina kwa sauti ya chini. Kisha akaniuliza: “Na wetu wameandikwa wapi?”

Aliuliza akijua jibu. Bibi alituhadithia sote kuhusu babu yake aliyechukuliwa kijijini, upande wa Morogoro, kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivi hivi, akafuata njia ya kusini wala hakurudi. Tumekulia Kariakoo, mahali ambapo wapagazi hao walikuwa na kambi baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na ambapo leo Simba na Yanga zina makao yao. Makadirio ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki hukaribia 100,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Kwa ajili yao ilisimamishwa sanamu ya askari pale Posta mwaka 1927, moja kwa wote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita, hiyo hiyo inayotunza ukuta wa Arras, ilichapisha ripoti na kuomba radhi: wafu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Wakuu wa enzi zile waliamua kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake.

Huo ndio umbali niliousafiri ili niuone. Tull na yule babu wa bibi waliuawa na vita vimoja chini ya bendera moja. Mmoja alikataliwa na mwongozo, bado jina lake likachongwa kwenye cheo chake, kwa sababu pale Ulaya utaratibu ulidai kila aliyekufa atafutiwe jina. Mwingine hakutafutwa. Lakini hata Tull, pamoja na jina lake ukutani, alisahaulika hadi walipojitokeza watu wa kupekua. Jiwe peke yake halikutosha.

Tulipokuwa Calais kwenye foleni ya kurudi Uingereza, mjomba aliniuliza kama inawezekana kweli kumpata mtu ambaye magazeti hayakumwandika. Nilimwambia ninavyoamini. Wapagazi waliandikishwa, wakapewa vibati vyenye namba, wakaahidiwa ujira. Na mishahara ya waliokufa, ambayo haikudaiwa na mtu, ilizua mabishano ya miaka mingi kati ya serikali za koloni na London. Huwezi kubishania mshahara wa mtu ambaye hukumwandika. Orodha zilikuwapo. Kenya, watafiti wamekwisha kupata maelfu ya majina ya askari kwenye majalada ya zamani ya jeshi. Kwetu kazi hiyo bado inasubiri watu, na haihitaji viza: inahitaji wanafunzi wa historia wasioogopa vumbi la nyaraka, na familia zitakazoleta majina, vijiji na njia walizochukuliwa jamaa zao.

“Basi tuanze na la babu,” mjomba alisema, akafungua droo ya gari kutafuta kalamu.